Baba mkubwa hayumo kwenye siku nne

Jamani hii Tanzania yetu ina sheria nzuri sana, mi sibishi, tatizo langu ni moja tu, zinaonekana zimetungwa na watu wasio na ukoo. Baba mkubwa kafariki, yule aliyenilea, aliyenilipia ada, aliyenichapa nikistahili na nisipostahili, naenda kuomba ruhusa kazini, dada wa utumishi anafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ananisomea taratibu kama anasoma risala. Siku 4 za likizo yenye malipo ni kwa mtoto akiugua au akifariki, na kifo cha mke au mume, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Akafunga kitabu. Namwambia huyu ni baba yangu. Ananiuliza, aliyekuzaa? Namwambia kaka yake mkubwa na aliyenizaa. Akaniangalia kwa huruma kabisa akasema basi huyo hayumo.

Hayumo! Mtu nyumba nzima tunamwita baba, akikohoa tu watu wanazima redio, kwenye sheria ni kama mpita njia. Na cha kuudhi zaidi bosi wetu huyo huyo kila tukidai ovataimu anatuambia "hapa sisi ni familia". Sheria inasema masaa 45 kwa wiki, siku moja yasizidi 9, ukizidisha unalipwa mara moja na nusu, ila ukimkumbusha hilo anakunja uso kama umemtukania mama, eti familia haihesabiani masaa. Sasa familia gani hii isiyomjua baba mkubwa?

Ikabidi nile likizo yangu ya mwaka. Nayo mnaijua, siku 28 mfululizo, na sikukuu zikiangukia humo zinamezwa humo humo. Nikazika, nikasema narudi kazini. Thubutu. Kikao cha ukoo kikaitishwa na mimi nikatoka nimeshateuliwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu nina begi la kuwekea mafaili. Sitanii, baba mdogo alisema hivyo mbele za watu, "huyu ana begi na mwandiko wake unasomeka", watu wakapiga makofi, nikawa napendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi.

Muhtasari wa kikao cha ukoo ni karatasi muhimu, mahakamani bila hiyo na cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa hata karani hakusikilizi. Sasa katibu wa kikao alikuwa binamu yangu mmoja, kaandika KILA KITU. Mahudhurio, sawa. Kumteua msimamizi, sawa. Kuorodhesha warithi, sawa. Halafu mengineyo: "Mjumbe mmoja alihoji kwa nini nyama iliishia meza ya mbele. Ilijibiwa kuwa suala hilo linafanyiwa kazi." Na wajumbe wote wakasaini. Karani wa mahakama kaisoma yote mbele yangu, kafika hapo kwenye nyama kanyanyua macho, akaniuliza, na hili nalo mnaomba mahakama iamue?

Sasa wosia. Marehemu aliacha wosia, tena nashukuru Mungu aliacha, maana wengine wanaogopa hata kulitaja hilo neno wanaona wanajiitia kifo. Ila wa kwake uko kwenye daftari la madeni. Kurasa za mbele sukari, sabuni, mafuta ya taa, nani anadaiwa nini, vyote kwa wino mzito, halafu ukifunua ukurasa wa mwisho ndo wosia, na huo wosia umeandikwa kwa PENSELI. Ile penseli fupi ya mjukuu wake yenye kifutio kilichotafunwa. Deni la nusu kilo ya sukari kwa wino, nyumba kwa penseli. Na kuna sehemu pamefutwa pakaandikwa tena, karatasi imetoboka kidogo, ukiipeleka kwenye mwanga unaona palikuwa na jina la mtu mwingine kabla ya redio. Mpaka leo kila mmoja kwenye ukoo anaamini jina lililofutwa ni lake.

Kuna Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, ndo lina sheria za kimila za urithi na wosia, huko imeandikwa wosia uandikwe kwa kalamu isiyofutika au upigwe chapa. Na mashahidi. Kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika basi mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo mmoja mtu baki, kama hajui wawe wanne. Na mke akiwepo nyumbani naye ashuhudie. Wa baba mkubwa una mashahidi wawili kweli, na wote ni wapwa zake. Nikawauliza nyie mlikosa hata muuza maji wa kusaini hapo? Wananijibu eti mambo ya ndani mtu baki anayajuaje. Hizo siri mnazoogopa mtu baki ajue si ndo hizo hizo mtaa mzima umezijua msibani!

Shangazi akaona penseli inayumba, akaibuka na wosia wake. Anasema kaka yake alimwambia kwa mdomo kwamba shamba ni la kwake yeye shangazi. Tukamuuliza nani alikuwepo. Anasema mimi, yeye, na Mungu. Aisee. Wosia wa mdomo kimila unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Shangazi akahesabu vidole, akasema Mungu peke yake anatosha kwa watatu, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ujasiri wa kumpinga.

Nikadhani basi yameisha, kama wosia haukukamilika tunagawa kama hakuna wosia. Kugawa kwa sheria ipi? Hapo ndo nikajua nimeingia choo cha kike. Maana mirathi hapa kwetu ina njia tatu. Kuna ya kimila, hiyo ya 1963. Kuna ya Kiislamu, yenye mafungu yake yanayojulikana, na wosia usizidi theluthi moja ya mali, wala humuusii mrithi mpaka warithi wenzake waridhie. Na kuna ya kiserikali, ambayo ukiuliza ni ipi unaambiwa ni Sheria ya Urithi ya India ya 1865. Nilimuuliza wakili mmoja mara mbili. India? India. Ya 1865? Ya 1865. Huko mjane anapata theluthi moja, watoto theluthi mbili. Yaani mzee wangu hajawahi hata kuvuka kwenda Zanzibar, anarithiwa kwa sheria ya India iliyotungwa babu yake hajazaliwa.

Na wanachaguaje ipi itumike? Mahakama inaangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia nini. Basi ukoo mzima ukageuka wapelelezi. Upande mmoja unasema mzee alikuwa mtu wa mila, alikuwa anatambikia, anakunywa pombe ya kienyeji, kesi zote anamaliza kwa mbuzi. Upande wa pili unasema alifunga ndoa kanisani, anavaa suti Jumapili, na simu yake ilikuwa na bando la mwezi. Baba mdogo akasema suti moja haimtoi mtu kwenye mila. Wakaanza kuhesabu suti.

Mnajua kwa nini kaka zangu wanapenda sana mila hapo? Kwa sababu ile ya 1963 imepanga watoto kwa madaraja, daraja la kwanza mtoto mkubwa wa kiume wa nyumba kubwa, yaani ya mke wa kwanza, la pili watoto wengine wa kiume, la tatu watoto wa kike. Sasa aliyemuuguza mzee, aliyelipa hospitali, aliyekuwa anambadilisha shuka usiku, ni binti yake. Huyo wa daraja la kwanza alikuja msibani kwa kuchelewa na miwani ya jua. Dada yangu aliposomewa hayo madaraja hakulia wala nini, alitoa kwenye mkoba bahasha ya risiti za hospitali akaitupa mezani, akasema haya, daraja la kwanza aanze kulipa madeni ya marehemu. Kikao kikaahirishwa papo hapo watu wakale.

Na kweli madeni yanatangulia, hilo watu hawataki kulisikia. Msimamizi wa mirathi sio mrithi, wala hajawa mwenye mali, kazi yake akusanye mali, alipe madeni, kinachobaki agawe. Mahakama ya mwanzo ikishakuteua una miezi 4 kupeleka orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, halafu hesabu za ulichofanya kwenye fomu namba 6. Ila wenzangu wakiona nina barua ya mahakama wanaona mimi ndo nimerithi. Mjomba mmoja kanipigia usiku kunikopa, namwambia sina, anasema si una mirathi? Na hapo nauli ya kwenda mahakamani natoa mfukoni, maji ya kunywa yangu, fotokopi zangu. Kwenye orodha nimeandika mpaka ngazi ya mbao, maana kuna ndugu kaapa nisipoiandika ananishitaki.

Mahakama yenyewe sina ugomvi nayo, tangu 2021 hata zile za juu lugha ni Kiswahili, ile ya kusomewa hukumu kwa Kiingereza halafu unamuuliza jirani yako wa benchi tumeshinda au tumeshindwa imepungua. Lakini hii habari ya kutajwa jamani. Unaamka alfajiri, unapanda daladala mbili, unakaa kwenye benchi lile lisilo na mgongo mpaka kiuno kinakataa, unaitwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, limetajwa, nendeni mrudi mwezi ujao. Basi! Sasa si mngelitaja wenyewe mkanipigia mkaniambia tumelitaja, liko salama, linakusalimia.

Halafu ardhi. Mzee kaacha nyumba yenye hati ya miaka 33, na shamba kijijini lenye hati ya kimila. Ukoo unasema "ardhi yetu" huku wamevimba vifua, mi nanyamaza tu, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndo mdhamini, sisi tumepewa haki ya kuitumia. Siku nilipojaribu kuwaeleza hilo shangazi alisema basi Rais aje apalilie.

Kuna na jirani. Huyu bwana wakati mzee yuko hai alikuwa anasogeza uzio wa michongoma kidogo kidogo kila masika, mzee anaona, ananyamaza, ujirani. Sasa kusikia mirathi imefunguliwa kaja na kauli mpya, eti hapo kakaa zaidi ya miaka 12 na sheria ya ukomo inasema ukitaka kudai ardhi udai ndani ya miaka 12. Kaisoma wapi sijui, hajui hata siku ya kuzaliwa ya mkewe ila miaka 12 anaijua. Nimeenda baraza la kata nikidhani watamtandika hukumu, kumbe siku hizi baraza la kata linasuluhisha tu, mkishindwana mnaandikiwa mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wilayani ni foleni nyingine na, mnajua tena, kutajwa.

Kaka yangu wa miwani akaleta wazo, tuuze nyumba haraka kabla mambo hayajachacha, mteja anaye. Tukamuuliza na mama mkubwa ataishi wapi? Anasema mama hakuchangia chochote, alikuwa nyumbani tu. Hapo hata baba mdogo wa suti moja alikohoa. Alikuwa nyumbani tu! Kuanzia 1983 kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu hata mume mwenyewe akiwa hai kuuza nyumba ya familia bila mkewe kuridhia. Shauri lile lilikuwa la talaka, hili ni la mirathi, najua, ila nilimwambia hivyo hivyo na sauti niliipandisha. Mama mkubwa alikuwa anachambua mchele pembeni, hakunyanyua hata kichwa, akasema mwambieni huyo mteja aje, kuna watu wengi nataka kuwauza pamoja na nyumba.

Sasa hivi nasubiri tarehe, fomu namba 5 imejaa na ngazi imo. Kazini likizo imekwisha, dada wa utumishi ananihesabia kila nikitoka getini, nami najua mtu akiachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila naomba isifike huko, sina mgongo wa benchi la pili.

Na juzi shangazi kaniita chemba. Anasema kwa yote aliyoyaona kaamua na yeye aandike wosia wake mapema, na anataka nimsaidie kwa kuwa nina begi. Nikafurahi, nikamwambia vizuri shangazi, tafuta peni ya wino, tafuta mtu wa ukoo mmoja na mtu baki mmoja, weka tarehe, msaini wote siku moja. Akasema watu baki hataki waone mali zake, na kuandika macho yanamuuma, yeye atanitumia tu kwa voisi kwenye simu. Zimeshaanza kuingia. Ya kwanza nimefungua kidogo, anaanza na kuku mmoja mmoja kwa rangi zao.