Ólafur Stefánsson hapimwi kwa magoli peke yake

Wafungaji wa timu ya taifa ya Iceland ya mpira wa mikono wakitajwa, jina la Ólafur Stefánsson huja na hesabu ileile: magoli 1,570 katika mechi 330. Guðjón Valur Sigurðsson alikuja kuivuka hesabu hiyo, na kwa maoni yangu hilo halikumpunguzia Ólafur chochote, kwa sababu Guðjón Valur alikuwa winga wa kushoto aliyesifika kwa kuchomoka na kumalizia mashambulizi ya kushtukiza, ilhali Ólafur ndiye aliyeyajenga mashambulizi yenyewe.

Mzaliwa huyu wa Reykjavík wa mwaka 1973 ni mashoto, na katika kushambulia alicheza nyuma upande wa kulia, nafasi ya warushaji wa mbali. Aliyewahi kuucheza mchezo huu, hata shuleni, ataelewa upesi: anayerusha kwa mkono wa kulia akisimama upande huo, mkono wake huwa pembeni na goli humbana, lakini mkono wa mashoto huwa upande wa katikati, na goli humfungukia. Mabeki hawakuthubutu kumwacha ajipange kwenye mita tisa kutoka golini, panaporushwa mashuti ya mbali. Ilibidi mmoja wao, pengine wawili, watoke kumkaba. Hapo ndipo hatari ilipoanza, maana Ólafur alikuwa ameshamwona mwenzake aliyebaki kwenye mstari wa mita sita, karibu kabisa na goli, na mpira ulimfikia kwa kudundishwa chini, ubavuni mwa beki aliyedhani anazuia shuti. Goli la namna hiyo huandikiwa mtu mwingine.

Katika klabu, alitoka Valur ya kwao Iceland akaenda Wuppertal ya Ujerumani, kisha Magdeburg, ambako chini ya Mwaislandi mwenzake, kocha Alfreð Gíslason, alitwaa ubingwa wa Ujerumani mwaka 2001 na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka uliofuata. Miaka yake bora, hata hivyo, naiona Ciudad Real ya Hispania, alikotwaa tena kombe hilo mwaka 2006, 2008 na 2009. Fainali ya 2009 ilimkutanisha na Alfreð yuleyule, sasa akiinoa Kiel ya Ujerumani: Kiel ilishinda 39–34 nyumbani, Ciudad Real ikajibu kwa 33–27 katika marudiano, na kwa jumla ya 67–66 kombe likaamuliwa kwa goli moja tu.

Medali ya fedha ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akiwa nahodha, inajulikana zaidi, na ni haki, kwani nchi isiyofikisha watu laki nne iliifunga Hispania 36–30 katika nusu fainali kabla ya kushindwa na Ufaransa 28–23. Lakini wanaoisimulia huishia kwenye fahari ya taifa dogo, kana kwamba timu ile ilizuka Beijing, wakati nahodha wake alikuwa ameshaishi miaka kumi na miwili katika ligi za Ujerumani na Hispania, akikabwa kila wiki na mabeki wa aina ileile aliokutana nao kwenye Olimpiki.