Mkopo wa kuku upo, wa moto haupo

Aisee nyie mnaosema ukinunua fleti yako umepumzika na kodi, nani kawadanganya? Mi nina fleti ya vyumba viwili ghorofa ya nne, Upanga, hati ninayo na jina langu limeandikwa vizuri kabisa, lakini kila mwezi nalipa hela utadhani mpangaji, tena mpangaji ana afadhali maana yeye akichoka anahama. Hela ya mlinzi, hela ya kusukuma maji, hela ya taa za ngazi, hela ya lifti ambayo inafanya kazi siku ambazo huna mzigo. Sasa safari hii imekuja hela ya moto. Moto wenyewe haujawaka, na Mungu aepushe, ila hela yake imeshaanza kudaiwa.

Ilivyokuwa ni kwamba wakaguzi wa zimamoto walikuja. Na mi siwalaumu hata kidogo, waliingia kistaarabu, wakasalimia, wakavua miwani, na kila walichosema ni kweli, hicho ndo kinachouma. Mtu akikuonea unaweza kupiga kelele, mtu akikwambia ukweli unapiga kelele na nani?

Wakaanza na mitungi. Jengo letu kila floo ina mtungi mmoja mwekundu, ulikuja na jengo. Wa floo ya chini kazi yake ni kuzuia geti lisijibamize upepo ukivuma. Wa floo ya pili umeanikiwa taulo. Wa kwetu floo ya nne ndo uko mahali pake, umetulia, sema kile kikadi cha sevisi kimeandikwa tarehe ya enzi hizo Kikwete bado yuko Ikulu. Mkaguzi akautoa ukutani, akautazama ule mshale wake uliolala kwenye nyekundu, akautikisa, akausogeza sikioni, halafu akaurudisha taratibu bila kusema neno, kama daktari aliyeona majibu na ndugu wako nje.

Tukaenda kwenye ule mpira mwekundu uliozungushwa ukutani. Ule mpira bwana, ukweli ni kwamba umeshaosha gari zote za jengo hili na bajaji ya mtoto wa mlinzi. Wakafungua koki. Ukatoka upepo. Halafu ukatoka tena upepo, wa pili huu una harufu. Halafu akatoka mende, akasimama pale kwenye mdomo wa mpira akituangalia kama vile sisi ndo wageni. Pampu iko wapi? Pampu ilipelekwa kwa fundi Buguruni, fundi akahama.

Kile kidude cha darini kinachonusa moshi sitaki hata kukiongelea. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri mno, hilo ndo lilikuwa kosa lake. Jirani akikaanga samaki kinalia, mtu akiwasha udi Alhamisi jioni kinalia, basi siku moja watoto wakapanda kiti wakatoa betri na hadi leo ile betri iko kwenye rimoti ya sebuleni kwangu.

Mlango wa kutokea paani una kufuli. Ufunguo uko kwa mwenyekiti wa jengo. Mwenyekiti wetu ni mtu wa Kilimanjaro na hii ilikuwa Desemba, sasa mnajua wenyewe, mkaguzi anauliza ufunguo uko wapi na mlinzi anajibu kwa heshima zote, "Uko Moshi, afande." Yani moshi ukija huku, ufunguo uko Moshi kule.

Ila kilichonimaliza ni ndani kwangu. Afande kasimama sebuleni anaangalia madirisha, yote yana nondo, hadi lile dogo la choo ambalo hata paka anapita kwa kujibana, maana Dar tunaogopa mwizi kuliko kitu chochote. Akauliza, "Moto ukianzia hapa mlangoni, nyie mnatokea wapi?" Mke wangu akajibu fasta, "Tutapita mlangoni kabla haujakolea." Afande akaandika. Sijui aliandika nini ila aliandika kirefu.

Basi tukaachiwa orodha. Mitungi, pampu, mabomba, king'ora, taa za dharura, mlango wa ngazi unaojifunga wenyewe, na vibao. Kibao cha mahali pa kukusanyikia tunacho tayari, kiko pale parking, watu wanakusanyika kweli, wanachoma mishkaki. Tukaita fundi atupigie hesabu, fundi akapiga, ikasoma milioni 46 bila usafiri. Bila usafiri! Kwani hizo pampu zinapanda ndege?

Kikao kikaitishwa. Kuna sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, inasema wenye fleti tuwe na umoja wetu na vitu vya pamoja, ngazi, paa, mabomba, tuvitunze pamoja. Kwenye karatasi inapendeza sana. Sasa uje uone pamoja yenyewe. Jamaa wa chini kabisa kasimama, kasema moto kwa kawaida unapanda juu, yeye yuko chini, hivyo haumhusu. Wa ghorofa ya juu kabisa naye kasimama, kasema moto unaanzia chini kwenye majiko ya watu, hivyo walipe wanaouwasha. Sisi wa katikati tukaonekana ndo wenye moto. Na kuna mwenye fleti tatu yuko Muscat, yeye kwenye grupu la WhatsApp kila hoja anajibu kwa kile kidole gumba, ukisema moto kidole gumba, ukisema milioni 46 kidole gumba, ukimtumia namba ya akaunti hapo hayupo hewani.

Nikasema basi mi nitaenda benki, tukope kama umoja. Benki moja hivi, AC inapuliza hadi unasahau shida. Kijana wa mikopo kanikaribisha, maji ya kunywa kanipa, kauliza mkopo wa nini. Nikamwambia wa mabomba ya kuzimia moto. Akaandika. Akauliza, "Hayo mabomba yataingiza shilingi ngapi kwa mwezi, mzee?" Nikamwambia hayaingizi, yanazuia. Akafuta alichoandika. Akasema tatizo mfumo wao hauna hicho kipengele. Halafu kama ananionea huruma akaniuliza, hatuna hata frem ya duka hapo chini?

Sasa hapa ndo naingia kwenye lililonikera. Halmashauri zetu zinakopesha. Sio maneno ya kijiweni, ni sheria, asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 kina mama, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba hata senti. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, vikundi vinapata, nimeona kwa macho yangu watu wamepata bodaboda, wamepata mashine za kusaga, kuna kikundi mtaa wa pili wamepata hela ya kufuga kuku. Kuku! Kuku anakopesheka, jengo lenye watu wamelala ndani halikopesheki. Na mi nikijiangalia pale siingii popote, mama sio, ujana ulishanipita hata wakinivutia miaka, na goti linaniuma asubuhi ila hilo ni uzee tu.

Usiku nikampigia binamu yangu yuko Melbourne, Australia, ana fleti kule, nikasema ngoja nilie kwa mtu. Kumbe na yeye ana kilio chake! Anasema kwao ilianza 2014, jengo moja la mtaa wa Docklands, mtu kavuta sigara barazani ghorofa ya nane, kaiacha kwenye kibakuli cha plastiki, moto ukashika yale mabati ya urembo ya ukutani, yale ya alumini yenye plastiki katikati, ukapanda hadi ghorofa ya 21, dakika kama 11 hivi. Watu zaidi ya 400 wakatoka na hakufa hata mmoja, yale maji yanayojimwaga yenyewe kutoka darini yaliwaokoa. Afu kesi ikaenda, hukumu ikatoka 2019, lawama zikagawanywa kama nyama ya sadaka: injinia wa moto 39, mkaguzi aliyepitisha jengo 33, msanifu 25, na mwenye sigara asilimia 3. Tatu! Mi hapa nikiacha mtungi wa gesi wazi nabeba 100 na VAT juu.

Baada ya hapo, na baada ya lile ghorofa la Grenfell kule London kuungua na kuua watu 72 mwaka 2017, kule jimboni kwao Victoria wakaanza kupekua kuta za watu. Ukikutwa na yale mabati unaandikiwa ubandue. Hela? Hapo ndo penyewe. Mwaka 2018 wakatunga utaratibu, manispaa inakaa katikati, mkopeshaji anatoa hela ya kurekebisha jengo, halafu manispaa inakudai kidogo kidogo kwenye ile bili yako ya kodi ya jengo, muda mrefu, miaka 10 na kuendelea. Na deni halikuandami wewe, limeganda kwenye fleti, ukiuza anarithi aliyenunua.

Nikanyamaza kwenye simu. Nikamwambia dada, hiyo ndo pepo yenyewe. Yani deni linabaki na ukuta, mi naondoka na begi langu? Akaniambia we acha ushamba, unamuuzia nani fleti yenye deni limening'inia, na kwani ile kuta nilijenga mimi? Nilinunua jengo limepitishwa, mihuri yote ipo, leo wananiambia nikope nirekebishe kosa la waliopiga mihuri. Akawa anafoka kweli, na kule kwao ni usiku wa manane. Anasema watu wengi waliuangalia ule mkopo kwa jicho hilohilo, mpaka Julai 2019 serikali ya jimbo ikatangaza dola milioni 600 za kwao za kwenda kubandua mabati kwenye majengo hatari zaidi, nusu yake ikatafutwa kwa tozo ya vibali vya ujenzi mpya. Ila jengo lake yeye halikuwa kwenye hatari zaidi, liko kwenye hatari ya kawaida, hivyo anasubiri.

Basi tukawa pale watu wawili wa ukoo mmoja, yeye analia kwa kuletewa mkopo, mi nalia kwa kunyimwa, na dakika zinakatika kwangu.

Ninachosema mi sio kwamba tupewe bure. Hakuna aliyeomba bure. Lakini kodi ya jengo tunailipa, tena yetu siku hizi imo humohumo kwenye LUKU, unanunua umeme wa elfu kumi inakatwa kabla hujawasha taa. Njia ya kukata ipo, inajua hadi mita yangu. Si wangetukopesha hiyo milioni 46 wakawa wanaikata humohumo, elfu mbili elfu tatu, hata yule wa Muscat angelipa maana mpangaji wake lazima awashe friji. Kidole gumba hakiwashi friji.

Nikayasema haya kwa sauti sebuleni, kumbe mke wangu ananisikiliza na wenzake wa kikoba. Nikaona wametazamana. Mama Nasra wa ghorofa ya kwanza akauliza, "Shemeji, mtungi mmoja bei gani? Na wa kujaza upya?" Nikajua wanauliza tu.

Hawakuuliza tu. Wameenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikundi wameandikisha, katiba wameandika, akaunti wamefungua, wamekaa foleni na kuhojiwa na kuambiwa rudi kesho kama kila mtu, na asilimia 4 ya kina mama ikawatokea. Biashara yao: kuuza na kufanyia sevisi mitungi ya kuzimia moto. Wana fundi wao mwenye leseni, wana fulana zina nembo ya mwali wa moto umepigwa mkasi. Wateja wa kwanza sisi. Kwa mkopo! Wamekopa bila riba, sisi wametuwekea ya kwao, wanasema ni "ada ya ufuatiliaji", na ufuatiliaji kweli upo maana mmoja wa wafuatiliaji nalala naye kitanda kimoja, saa kumi na moja alfajiri nashtushwa, "Baba, awamu ya mwezi huu."

Kila floo sasa ina mitungi miwili mipya, kikadi cha sevisi kina tarehe ya mwaka huu, na hakuna wa kuanika taulo juu yake, Mama Nasra anapita na daftari. Pampu bado, hiyo ni hela nyingine kabisa na fundi wa Buguruni hapokei simu. Betri ya kidude cha darini nimeambiwa niirudishe, nimeirudisha, sasa tunabadilisha chaneli kwa kunyanyuka. Ila jana kulikuwa na kasheshe, yule jamaa wa chini, wa moto unapanda juu, kagoma kulipa awamu ya pili, akasema wakitaka waje wachukue mtungi wao. Wakaja. Wakachukua. Na geti lake likaanza kujibamiza usiku kucha, paa, paa, paa, saa saba usiku namsikia huko chini anampigia simu Mama Nasra, sauti imelegea, anauliza kama wanapokea kwa M-Pesa.