Msiseme Pale Patupu

Januari hii nilisimama kwenye manyunyu juu ya kilima kimoja upande wa Matamba, Nyanda za Juu Kusini, nikamsikia mgeni rasmi akisema kwenye kipaza sauti kwamba eneo lile limekaa bure miaka yote. "Hapa palikuwa patupu, ni nyasi tu." Watu wakapiga makofi. Watoto wa shule wakaanza kuteremka na miche ya mipaini kwenye viriba. Mashimo yalikuwa yameshachimbwa, kila hatua tatu shimo, mistari imenyooka mpaka inapotelea kwenye ukungu.

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa natafuta kwa macho shimo jingine, la zamani, ambalo hakulichimba mtu. Alama yangu ilikuwa jiwe lenye mabaka meupe lililoliinamia. Jiwe nililiona. Shimo lilikuwa limefukiwa, udongo umeshindiliwa vizuri, na mche umesimamishwa pembeni. Kijana mmoja akaniambia walilifukia ili mtoto asije akavunjika mguu. Ni sababu ya haki, na sikuwa na la kumjibu pale pale. Ninayoandika hapa ndiyo ningemwambia.

Lile lilikuwa shimo la muhanga. Mwenyewe sijawahi kumwona hata mara moja, maana hutembea usiku akitafuta mchwa na sisimizi, na akishachimba huhama akaliacha shimo lake. Ndani ya shimo lile, misimu mitatu mfululizo, walikuwa wanazaa mbayuwayu wa buluu. Siwazungumzii mbayuwayu hawa tunaowaona chini ya madaraja na kwenye kenchi za maduka. Huyu kwa mbali ni mweusi, lakini jua likimpiga anageuka buluu ya chuma kilichotoka motoni, na dume ana manyoya mawili ya mkia marefu, membamba kama waya. Huruka chini chini, tumbo karibu liguse majani, akinasa wadudu.

Mara ya kwanza nilidhani macho yamenidanganya. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, mbali kama hatua arobaini, darubini mkononi. Akaja kwa kasi moja kwa moja kuelekea kwenye mteremko, nikajua sasa anatua. Hakutua. Aliingia ardhini. Nikabana pumzi mpaka alipotoka. Ilinichukua wiki nzima ya kuuliza na kusoma ndipo nikaelewa kwamba hubandika kiota cha udongo na majani makavu kwenye dari ya shimo, humo gizani, akataga mayai yake, kwa kawaida matatu. Juu ya mti hajengi. Anataka nyanda za majani za juu, zenye baridi na unyevu, na anataka ndani yake shimo lililo tayari, mara nyingi la mchimbaji aliyemwachia nyumba. Ukiondoa kimoja, umemwondoa na yeye. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini yumo.

Sasa rudini kwenye lile neno, "patupu".

Ukiwa Chimala, mkoani Mbeya, kabla hujaanza kupanda zile kona 57 za barabara ya Matamba, tazama juu. Nyuma yako ni Usangu, joto na mpunga. Ng'ambo ya milima kuna bonde la Kyela na Ziwa Nyasa, joto tena. Katikati, juu, kiasi cha mita 2,600, ndipo zilipo nyanda za Kitulo na ndugu zake, kisiwa cha majani na baridi ambacho bahari yake ni joto la mabondeni. Na kama visiwa vyote, kina watu wake wasiopatikana kwingine. Kidenenda wa Njombe, ndege mdogo wa rangi ya majani makavu ambaye hata wanasayansi wamemwita kwa jina la Njombe yetu, yupo nyanda hizi na kaskazini mwa Malawi, basi, duniani kote. Chiriku wa Kipengere yupo Tanzania peke yake. Tandawala mkubwa, ndege wa nchi wazi, bado unaweza kumwona akitembea taratibu kwenye majani ya Kitulo. Maua sitayamaliza. Wazee waliiita Kitulo Bustani ya Mungu kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 2005, kilomita za mraba zipatazo 413, na ilitangazwa kwa ajili ya maua hayo hasa.

Lakini hifadhi haikuchukua nyanda zote. Zilizobaki nje, kuanzia Umalila mpaka Njombe na Mufindi, ndizo zinazomegwa, kilima hiki mwaka huu, kile mwakani, na kila kinapomegwa kuna hotuba na makofi.

Tungekuwa tumeshajifunza. Kipunji, kima yule wa Rungwe, wanasayansi walimwona mwaka 2003 na dunia ikatangaziwa 2005, ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimzungumzia siku zote. Kwale wa Udzungwa, kule Iringa, aligunduliwa 1991, na dalili yake ya kwanza ilikuwa miguu ya ndege isiyo ya kawaida ndani ya sufuria ya mboga kambini. Mpaka leo nikipita msitu wowote wa Udzungwa huwa naifikiria sufuria ile. Misitu ambayo watu waliidhania wameshaimaliza kuijua ilikuwa inaficha mnyama mzima na ndege mzima. Leo tunasimama kwenye majani marefu, hatujainama hata mara moja, tunatangaza hakuna kitu.

Najua mipaini imetufanyia nini. Nimelala chini ya kenchi za mbao za Mufindi tangu nazaliwa, na ada yangu ya kidato cha tano ilitoka kwenye shamba la miti la mjomba. Mtu wa Mafinga akisema mti ni benki yake, sina cha kumbishia. Sisemi ing'olewe. Iko miteremko iliyolimwa viazi mpaka udongo ukabaki mwekundu, yako mashamba yaliyochoka, iko misitu iliyokatwa na haijarudi. Huko mti unarudisha kitu, hata ukiwa si wa asili. Ninachokataa ni kuupanda mahali ambapo msitu haukuwepo, kisha tukaita kuokoa. Mpaini huu ni wa Mexico. Mlingoti ni wa Australia. Nyanda za Kitulo zina maua na ndege walioumbika pamoja na majani yale kwa muda mrefu kiasi cha kuwa viumbe wa hapo tu. Ua la chini halioti kwenye kivuli cha mpaini na zulia la sindano zake. Muhanga akihama, na shimo likafukiwa, mbayuwayu anayerudi Oktoba anakuta mlango umefungwa.

Na maji! Hapa ndipo hasa nashangaa, kwa kuwa hata asiyejali ndege anakunywa maji. Majani haya yanapokea mvua na kuiachia polepole. Mito inayoshuka kutoka huku inalisha Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unakwenda Mtera na Kidatu, kwenye mitambo ya umeme. Afrika Kusini walishaona mashamba makubwa ya mipaini na milingoti yanapunguza maji mitoni, na sheria yao ya maji ya mwaka 1998 inayahesabu mashamba hayo kuwa ni watumiaji wa maji wanaopaswa kuwa na kibali. Huko huko nyanda za majani ziligeuzwa mashamba ya miti na miwa, na mbayuwayu huyu huyu amebaki jozi za kuhesabika. Hatuna haja ya kurudia kosa ambalo mwenzetu ameshalilipia.

Yapo mengine yanayoumiza nyanda hizi: mizizi ya maua inayochimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kuliwa, moto wa nje ya wakati, manati. Kila moja lina siku yake.

Wiki mbili baada ya lile tukio nilirudi. Mbayuwayu wawili walikuwa wanazunguka juu ya miche, wakishuka penye jiwe na kupanda tena, wakishuka na kupanda. Nilikaa saa nzima nikashindwa kuendelea kutazama. Nilipokuwa nateremka nikakutana na mzee anachunga ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

Nikamweleza nilichokuwa natafuta. Akanitazama muda, kisha akasema, "Hao wa kwenye mashimo? Hao huja na mvua, huondoka nayo." Nikamwambia huondoka mpaka Uganda na Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, kisha hurudi. Akanyamaza, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo wanarudi kwangu."

Akanipeleka nyuma ya malisho yake, kwenye kijibonde chenye majani ya kufika magotini. Kulikuwa na mashimo mawili. Akaniambia wanakuja watu kumshawishi apande miti pale, na mpaka siku ile alikuwa hajaamua. Tukakaa chini, mbali kiasi cha kutowatisha, nikampa darubini. Mikono yake ilitetemeka kidogo, nikamsaidia kuishika. Dume akaja chini chini juu ya majani, akaingia. Kisha jike. Mzee hakuiondoa darubini machoni, alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo, na ukungu ulipotufunika alikuwa amefika kumi na moja.