Kimbia kwa Jina Lake, ila Taasisi Usianzishe

Kila msimu wa mbio unapokaribia, ujumbe wa aina moja huanza kuzunguka kwenye simu: fulani atakimbia marathoni, au ataendesha baiskeli siku kadhaa mfululizo, kwa kumbukumbu ya mama yake, kaka yake au mtoto wake, na anaomba mchango. Mimi huchangia. Kinachonitia shaka ni ile sentensi ya mwisho, inayosema fedha zote zitaingia kwenye taasisi mpya iliyopewa jina la marehemu. Nembo ipo. Bodi ya wadhamini ipo: shemeji, binamu na rafiki wa siku nyingi. Lengo ni "kuisaidia jamii". Hapo ndipo hutamani kumvuta mwenzangu pembeni nimwambie: kimbia, changisha, jina lake litaje kila hatua, ila taasisi usianzishe.

Nianze na mbio zenyewe, maana wapo wanaozibeza. Wanauliza: kama unataka kuisaidia hospitali, si uipelekee fedha moja kwa moja? Jasho lako linamponya nani? Swali lina mantiki, lakini binadamu hatoi kwa mantiki. Mwaka 2013 watafiti Christopher Olivola na Eldar Shafir walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu huwa tayari kutoa zaidi pale uchangishaji unapodai maumivu na juhudi kuliko unapokuwa wa starehe. Na kwa aliyefiwa nadhani jambo hili linaingia ndani zaidi. Anaumia tayari, ila maumivu yake hayaonekani. Akijifunga kukimbia kilomita 42.195, wanaompenda wanapata pa kumshikia. Wengi waliokosa la kusema siku ya mazishi hulisema kwa mchango.

Si kila ushujaa una faida, lakini. Upo utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watu waliokuwa wakiruka kwa parachuti ili kuchangia hisani. Walivunjika na kuteguka kiasi kwamba kila pauni moja iliyopatikana iliigharimu huduma ya afya ya umma pauni 13.75. Heri baiskeli.

Anayetajwa kila mara katika habari hizi ni Terry Fox, na anastahili. Alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kuikatiza Kanada kwa mguu wa bandia, akikimbia umbali unaokaribia marathoni nzima kwa siku, hadi saratani ilipofika mapafuni na kumsimamisha Septemba 1, baada ya siku 143 na kilomita 5,373. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22. Kinachosahaulika ni kwamba hakuanza kwa kujiundia chombo chake. Aliliandikia barua shirika la saratani lililokuwepo, Canadian Cancer Society, akaomba wamuunge mkono, na fedha zikaenda huko. Mbio za kumkumbuka zilianza Septemba 1981. Taasisi yenye jina lake ikaja kujitegemea mwaka 1988, ikazikuta mbio zimeshaota mizizi.

Mfano wangu mwingine ni Fred Lebow, mmoja wa waanzilishi wa New York City Marathon. Aligunduliwa kuwa na saratani ya ubongo mwaka 1990, na mwaka 1992 akakimbia mbio hizo hizo alizoshiriki kuzianzisha, akisindikizwa na Grete Waitz, mshindi wa mbio hizo mara tisa. Walitumia zaidi ya saa tano. Lebow alifariki 1994. Leo wakimbiaji wanaovaa fulana za Fred's Team huchangisha kwa ajili ya Memorial Sloan Kettering, hospitali ya saratani aliyotibiwa yeye. Jina ni lake, ila madaktari, maabara na wahasibu ni wa hospitali.

Sasa linganisha na Captain Tom Moore wa Uingereza. Aprili 2020, akikaribia kutimiza miaka 100, alianza kuzunguka bustani yake kwa kigari cha kujishikilia, mizunguko mia, akiomba pauni 1,000. Zilipatikana zaidi ya milioni 32, zikaenda kwa NHS Charities Together, shirika la hisani linalosaidia huduma ya afya ya umma ya huko, na hakuna anayelalamikia fedha hizo. Lawama zilikuja kwenye taasisi iliyoanzishwa baadaye kwa jina lake. Tume inayosimamia mashirika ya hisani ilifungua uchunguzi rasmi mwaka 2022, na ripoti yake ya Novemba 2024 ikaeleza mwenendo mbaya na usimamizi mbovu uliojirudia, na namna wanafamilia walivyonufaika. Mzee alikuwa ameshafariki tangu Februari 2021. Jina linaloburuzwa kwenye vichwa vya habari ni la kwake.

Nisieleweke vibaya. Mara nyingi hakuna mwizi kwenye taasisi hizi ndogo. Kuna watu wema waliochoka. Mwaka wa kwanza kila mtu yuko tayari: mmoja anabuni fulana, mwingine anasimamia kituo cha maji, shangazi anapika. Mwaka wa pili nusu wako na shughuli zao. Kufika wa tatu, amebaki dada mmoja anayejaza fomu za serikali usiku, anatafuta mkaguzi wa hesabu wa bei nafuu, na anawajibu walioomba msaada kwamba mfuko hauna kitu. Kila barua anayofungua ina jina la mdogo wake aliyekufa juu yake, kwa herufi kubwa. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba hiyo ni njia ya kupona.

Lingine ni la aibu, ndiyo maana halisemwi. Mjane haulizwi stakabadhi. Kwenye shirika la kawaida mchangiaji anaweza kuuliza fedha zimekwenda wapi na asionekane mkorofi. Kwenye taasisi ya marehemu, kuhoji hesabu kunaonekana kama kumtukana aliyelala kaburini. Kwa hiyo watu wananyamaza, wanaacha tu kuchanga, na familia inadhani mpendwa wao amesahaulika. Hakusahaulika. Watu walikosa pa kuulizia.

Hospitali nyingi, vituo vya kuhudumia wagonjwa mahututi na vyuo vya utafiti hukubali kufungua mfuko maalumu wenye jina la marehemu ndani ya hesabu zao. Unakaa nao, mnaandikiana: fedha hizi ni za mafunzo ya wauguzi wa wodi fulani, au za mashine fulani, si za matumizi ya jumla. Dai iwe kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo ya mkurugenzi huondoka na mkurugenzi. Mfuko uwe na tarehe ya kufungwa. Siku hiyo ikifika, hospitali inatoa taarifa, unaituma kwa kila aliyechangia, hata yule aliyetuma kidogo kabisa, na jambo limekamilika.

Uliza pia kuhusu namba ya kifuani, yaani nafasi ya kushiriki mbio. Kwenye marathoni kubwa kama ya London, mashirika ya hisani hununua nafasi na kuwapa wakimbiaji wanaoahidi kuchangisha kiwango cha chini. Si vibaya, ila sehemu ya unachochangisha inarudi kulipia nafasi yako, na wanaokuchangia wana haki ya kujua. Nauli, viatu na malazi lipa mwenyewe. Mtu anayeomba mchango ili akapande mlima nchi ya mbali kwa kumbukumbu ya baba yake ajiandae kuulizwa nani anamlipia tiketi, na jibu liwe fupi.

Na unapoanza kuomba, mwanzie mjomba mwenye uwezo. Wachumi waliochunguza kurasa za michango za wakimbiaji wa London Marathon ya mwaka 2010 waliona kwamba watu hupima kiasi chao kwa kutazama waliotangulia. Mchango mkubwa wa mapema huinua inayofuata. Ukurasa ulioanza kwa vijisenti huendelea kwa vijisenti.

Kuna jambo moja nimelitazama kwa karibu mbio baada ya mbio. Wakimbiaji hawa hubandika picha ya marehemu mgongoni, karatasi iliyofungwa kwa pini nne. Kufikia kilomita ya 30, sukari iliyohifadhiwa mwilini inapoelekea kwisha na miguu inageuka magogo, jasho limeshalowesha ile karatasi, wino umechuruzika, na uso unaanza kufutika. Nimewaona waliokuwa wakichechemea waziwazi, daktari wa mbio anawasihi wakae chini, nao wanakataa: "Nimemuahidi." Huko kuahidi ndiko kunakonitisha. Aliyefiwa hukimbia kama anayelipa deni, na deni hilohilo ndilo humsukuma kufungua taasisi: anaona akiacha, amemwacha yeye. Anafanya mazoezi juu ya jeraha, anaruka siku za kupumzika, anaficha maumivu ya goti kwa kocha wake.

Kama goti limegoma wiki tatu kabla, waandikie waliochangia ukweli: sitakimbia, nitatembea kilomita tano, au sitakuwepo kabisa, na fedha zimeshafika hospitalini. Nimesoma jumbe kadhaa za namna hiyo, na majibu yake huwa ni pole, na mara nyingine nyongeza ya mchango. Aliyedai arudishiwe fedha zake bado sijamwona.