Rangi ya mawese ipewe jina lake

Machungwa mengi yanayouzwa Kigoma yana ganda la kijani, hata yakiwa yameiva na matamu kabisa. Ganda la chungwa hugeuka rangi likipata ubaridi wa kutosha usiku, na ubaridi wa namna hiyo huku kwetu ni wa nadra. Pamoja na hayo, mtoto wa chekechea anaonyeshwa chati ukutani, anaambiwa ile pale ni rangi ya chungwa, naye anaitikia. Mimi nasema mtoto huyo ana jina zuri zaidi jikoni kwao: rangi ya mawese.

Silisemi hili kwa utani. Majina ya rangi yanayodumu hutoka kwa watu waliotazama kitu walichonacho wakakitaja kilivyo. Kiswahili kimefanya hivyo siku zote. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni ile bizari ya kwenye mchuzi. Mwambie fundi cherehani yeyote wa Mwanga, hapa Kigoma, unataka gauni la damu ya mzee, hatakuuliza mara ya pili. Na msichana akisifiwa kuwa ni maji ya kunde, kila mtu anapata picha ya ngozi yake.

Inayonivutia kuliko zote ni zambarau. Watu wa Tiro, kule Lebanon, waliitoa rangi hiyo kwa konokono wa baharini, na kazi yake haikuwa ndogo: mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akaambulia gramu 1.4 tu. Haishangazi kwamba ikawa vazi la wafalme. Sasa fungua Matendo ya Mitume, umkute Lidia wa Thiatira, mama mfanyabiashara. Biblia ya Kiswahili inasema aliuza rangi ya zambarau. Konokono wa Tiro nani anamjua hapa? Lakini zambarau tumezila tangu utotoni, tukatoleana ndimi kuona nani wake umekolea zaidi. Wafasiri wale walichagua vyema sana.

Rangi hiyo hiyo ilikuja kushuka bei kwa njia ya malaria, jambo ambalo sisi wa ukanda wa ziwa tunapaswa kulijua. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 jijini London, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini haikupatikana, ila katika masalia meusi yaliyobaki aliona zambarau ambayo ilishika vizuri kwenye hariri. Ikaja kuitwa mauve, jina la ua kwa Kifaransa. Miaka mitatu baadaye likaja jina la majenta, lile unaloliona kwenye wino wa printa katika kila stesheneri. Huo ni mji wa Italia ambako Wafaransa na wenzao walipigana na Waaustria tarehe 4 Juni 1859. Rangi yenyewe ilikuwa imeanza kuitwa fuksini, kwa jina la ua pia, vita ikalifunika jina la ua. Mji ambao wengi wetu hatutaufika tunautaja kila tunapochapisha kadi za harusi.

Kwa nini basi mawese yasitajwe? Yatazame kwenye chupa ya dukani asubuhi. Chini yameganda kama uji mzito, rangi imepoa kidogo. Juu yametulia maangavu, mekundu yanayowaka kwa ndani jua likipita. Yakiingia kwenye sombe, kijani kile cha kisamvu kinabadilika chote. Yakikaangwa kwa moto mkali yanapauka. Yakidondokea kitenge yanaacha doa la ukaidi, ingawa jua hulififisha doa hilo siku zikienda.

Kinachofanya kazi hapo ni karotini, kemikali inayotoa rangi hiyo. Mkemia wa Kijerumani, Wackenroder, aliipata kwenye karoti mwaka 1831, ndiyo maana ikachukua jina la karoti. Lakini mawese ambayo hayajasafishwa kiwandani ni miongoni mwa vyakula vyenye karotini nyingi kabisa duniani. Karoti ilitangulia tu kufika maabara.

Nimeshaambiwa kwamba mawese si ya Kigoma peke yetu, yako Burundi na Kongo, na asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi. Sawa. Manjano nayo asili yake ni Asia, na hakuna anayeona aibu kuitumia. Wengine wanasema mawese hayana rangi moja, mengine mekundu, mengine ya njano. Zambarau nazo hazifanani, na jina limekaa.

Kwa hiyo naomba wenye maduka ya rangi za nyumba, wauza vitenge na mafundi wa Kigoma mulitumie jina hili mbele ya wateja, bila kusubiri kikao cha mtu. Walimu wa chekechea ninyi ndio mnaoweza kulianzisha mapema zaidi. Chupa moja ya mawese juu ya meza, kasha la penseli za rangi, watoto watafute inayofanana, na kwenye chati paandikwe upya.