Gloria Estefan na nchi aliyoirithi kwa masikio

Mwaka 1993 Gloria Estefan, mwimbaji wa Marekani mzaliwa wa Kuba, alikuwa na kila sababu ya kuendelea kuimba kwa Kiingereza. Tangu wimbo wa "Conga" wa mwaka 1985, yeye na kundi la Miami Sound Machine walikuwa wamezoeleka katika redio za Marekani, na hata ajali ya basi ya Machi 1990, iliyomvunja uti wa mgongo huko Pennsylvania, haikumwondoa jukwaani. Hata hivyo alitoa Mi Tierra, yaani "Nchi Yangu", albamu ya nyimbo 12 zote za Kihispania, zilizosimama juu ya son, bolero na danzón, mitindo ya zamani ya Kuba, muziki ambao vijana wengi wa wakati ule waliuona kuwa ni wa babu zao.

Wapo wanaoiona hatua hiyo kuwa hesabu ya biashara tu. Ni kweli kwamba gazeti la Billboard lilipoanzisha orodha yake ya albamu za Kilatini mwezi Julai mwaka huohuo, Mi Tierra ndiyo iliyokuwa ya kwanza kushika namba moja, na kwa jumla ikaishika kwa wiki 58. Lakini mauzo huja baada ya kazi. Hayawezi kutueleza nia iliyoitangulia.

Kinachonifanya niiamini nia yake ni watu aliowaita studioni. Kwenye besi alikuwapo Israel López, maarufu kama Cachao, aliyezaliwa Havana mwaka 1918, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930, pamoja na kaka yake Orestes, aliingiza katika danzón mdundo uliokuja kuitwa mambo. Mzee huyo, ambaye bila yeye nusu ya muziki wa dansi wa karne iliyopita usingekuwa ulivyo, alikuwa akiishi Miami na kujipatia riziki kwa kupiga katika harusi na sherehe za ubatizo. Walikuwapo pia Tito Puente kwenye ngoma za timbales, mpiga saksafoni Paquito D'Rivera, na mpiga tarumbeta Arturo Sandoval, aliyekuwa ameihama Kuba mwaka 1990. Ukiisikiliza albamu kwa makini utagundua kwamba mara nyingi sauti ya Gloria huingia kwa adabu, hutoa ubeti wake, kisha huwapisha wazee wazungumze kwa vyombo vyao. Nyota anayekubali kupisha katika albamu yake mwenyewe namheshimu sana.

Jambo la pili ni kwamba nyimbo hizo hazikuwa za kale. Zilitungwa upya, nyingi kwa mkono au mpangilio wa Juanito Márquez, mpiga gitaa aliyeifahamu mitindo hiyo kutoka kwao Kuba, na Gloria mwenyewe alishiriki kutunga baadhi yake. Kurudia nyimbo zinazojulikana kungekuwa rahisi zaidi. Tena aliondoka Havana akiwa mtoto wa miaka miwili hivi, kwa hiyo ile nchi anayoililia aliipokea kwa masimulizi na nyimbo za wakubwa wake, na mimi sioni kwamba hilo linapunguza ukweli wa kilio chake.

Labda ninaielewa kwa urahisi kwa sababu nasi tuliurithi muziki huu kwa masikio. Santuri za mfululizo ulioitwa GV zilifika Afrika Mashariki zikiwa na rumba za Kikuba, na huko Morogoro mwanamuziki Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba wakazigeuza kuwa dansi ya Kiswahili. Ninaposikia tumba na manyanga za Mi Tierra, sijihisi mgeni, ingawa Kihispania changu ni cha kubahatisha.

Sisemi kwamba albamu haina upungufu. Vyombo vya nyuzi vya okestra ya London Symphony Orchestra vinalainisha mno baadhi ya bolero, hadi machungu yake yanapungua. Zaidi ya hapo, Kuba inayoimbwa humo ni ile ya kabla ya mapinduzi ya 1959, ilhali mwaka 1993 Havana yenyewe, katikati ya dhiki iliyofuata kuanguka kwa Umoja wa Kisovieti, ilikuwa ikitoa mdundo mpya na mkali wa timba kupitia makundi kama NG La Banda. Nchi ya Gloria ni nchi ya waliohama, na nyumba waliyoiacha imebaki kichwani mwao kama ilivyokuwa siku ya safari.

Hata hivyo, siwezi kumsahau Cachao. Baada ya kipindi kile alirejea kwenye majukwaa makubwa akiwa na kundi lake mwenyewe, akashinda Grammy, na aliendelea kupiga besi hadi uzeeni. Alifariki Florida mwezi Machi mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 89, na safari hii dunia ilikuwa inajua ni nani aliyeondoka.