Mashindano ya mshipi yangojee matlai

Ukiwauliza wavuvi wa mshipi, wanaovua kwa uzi na ndoana, hapa Mombasa mashindano yafanywe mwezi gani, wengi watakujibu Februari, au Machi kabla masika hayajaingia. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imepoa, mvua hakuna, maji ni meupe hata mchanga unauona chini, na mtu anaweza kukaa juu ya jiwe kutwa nzima asilowe. Mimi nasema Oktoba na Novemba. Nataka matlai, upepo wa mashariki unaokuja wakati kusi, upepo wa kutoka kusini, imechoka na kaskazi haijashika. Alfajiri bahari imelala, saa nne upepo unaingia kutoka mashariki, adhuhuri wingu la vuli linapiga Likoni na kuvuka kisiwani, kisha jua linatoka tena, kali kuliko la asubuhi.

Hali ya hewa ikiwa moja tangu kucha hadi jioni, mashindano huamuliwa mapema. Aliyekuja na kamba wabichi na akapata mahali pazuri keshashinda, wengine wanamsindikiza tu. Anarudia jambo lile lile, na jambo lile lile linamlipa. Siku ya matlai haiendi hivyo. Mahali pamoja panageuka mara mbili tatu kabla ya filimbi ya mwisho, na kila panapogeuka mvuvi anaulizwa upya kama kazi anaijua.

Chukua mvuvi aliyesimama kwenye mawe chini ya barabara ya Mama Ngina, ukingoni mwa kisiwa, maji yakianza kujaa. Bahari ni shwari, kwa hiyo ametia uzi mwembamba, ndoana ndogo, na chubwi, kile kizito cha kuzamishia uzi, dogo kama kokwa ya ukwaju. Chambo chake ni donge la mkate, maana anawataka tasi wanaokuja kula mwani juu ya mawe. Tasi ana mdomo mdogo na hakamati kwa pupa, hudonoa. Mshipi umepita juu ya kidole cha shahada, na kinachofika pale ni mtekenyo, kisha mwingine, kisha uzito kidogo. Hapo ndipo huvuta, kwa kifundo cha mkono tu, bila kuinua bega.

Sasa matlai inaanza. Uso wa maji unakunjamana, mshipi unajaa tumbo kwa upepo, na kile kidole hakisikii tena samaki, kinasikia upepo. Asiyejua hukaa hapo hapo akisema samaki wameondoka. Samaki wapo. Anayejua amekwisha kuvuta mshipi juu, ametia chubwi zito zaidi, na ameteremsha mkono karibu na maji ili upepo usipate uzi mrefu wa kuchezea. Wingu likifunika jua, anawaacha tasi kabisa. Anafunga ndoana kubwa na ukanda wa ngisi, anatafuta changu wanaosogea pembezoni mwa mawe mwanga unapopungua. Yote hayo ayafanye kwa dakika chache, vidole vimelowa, na jirani yake anavuta.

Nilisimama siku moja karibu na mzee mmoja akiyafanya hayo, na kijana aliyekuwa pembeni yake akamuuliza, "Ami, mbona waongeza chubwi na maji hayajakaza?" Mzee akamjibu bila kugeuka, "Maji yangali, mwanangu. Upepo ndio uliokaza." Kijana akafungua chubwi lake naye. Somo kama hilo halipatikani siku ambayo bahari imelala tangu asubuhi hadi jioni, kwa sababu siku hiyo hakuna cha kuuliza.

Mvua nayo ina mambo yake, na hapa Mombasa mambo hayo ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Mvua inayotunyeshea sisi kisiwani haichafui maji sana. Inayochafua ni ile iliyonyesha bara. Hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara, linapokea mito ya Kombeni na Tsalu, na upande wa pili Port Reitz inapokea Mwache. Mito hiyo inashuka na udongo mwekundu, na udongo haufiki siku zote saa ile ile mvua inaponyesha. Hutoka na maji yanapokupwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuvua Tudor chini ya jua zuri, akashangaa maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na samaki waliokuwa wakila wakanyamaza. Aliyetazama mawingu ya upande wa Rabai, huko bara, jioni ya jana hashangai. Amekuja na chambo chenye harufu kali, kipande cha ngisi au samaki mdogo aitwaye simsim aliyekatwakatwa, na amejiandaa kwa hongwe ambaye hatafuti chakula kwa macho. Mwenye donge la mkate ana kazi siku hiyo.

Wapo watakaosema kwamba hali ikigeuka-geuka hivi bahati inaingia: wingu limenyesha kwako, kwangu halikunyesha, mtashindanaje? Hoja hii ina uzito, na dawa yake ipo. Uingereza kuna mashindano ya kuvua samaki wa mtoni na kwenye mabwawa, wale wasiokuwa salmoni wala trauti, na hali ya hewa ya kule inabadilika kuliko yetu. Kila mshindani hupiga kura kupata namba ya mahali pake, na hahami. Ukingo hugawanywa sehemu sehemu, na katika mashindano mengi alama hutolewa kwa kulinganisha watu wa sehemu moja peke yao. Upepo ukivuma kwa hawa, unavuma kwa wote walio karibu nao. Wapo huko wanaovua kwa ufito mrefu unaofika hata mita 16, na upepo ukiamka ufito huo haushikiki, basi wanauweka chini na kuchukua fimbo fupi yenye kikapu kidogo cha chambo kinachozama hadi chini. Ni uamuzi ule ule wa mzee wangu na chubwi lake.

Tuige hilo. Aliye Mama Ngina asipimwe na aliye Tudor. Mama Ngina inatazama bahari kuu, kila upepo unaikuta. Tudor imejificha nyuma ya kisiwa. Kila upande uwe na mshindi wake, ndipo alama zijumlishwe.

Kuna jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau zaidi ya upepo: mwezi. Mashindano hupangwa Jumamosi asubuhi kwa sababu Jumamosi watu hawaendi kazini. Lakini siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yetu yanakuwa makavu kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Ukiita watu saa moja hadi saa saba siku kama hiyo, umewaita wakatazame mawe. Wengine watakuwa wakivua kwenye vidimbwi, na wachache waliopewa namba za ukingo wa mlango wa Kilindini watapambana na mkondo unaobeba chubwi lolote. Jumamosi ziko nyingi. Ichaguliwe ile iliyo kati ya bamvua na maji mafu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, ili maji yawe yanatembea bila kukimbia, na filimbi ipigwe maji yakiwa yameanza kurudi. Matlai pamoja na maji ya namna hiyo, sioni siku bora ya kumjua mvuvi.

Kuhusu hatari sina mzaha. Mvua peke yake isimtoe mtu, lakini radi ikisikika, wote watoke kwenye mawe, mishipi ivutwe juu, na muda uliopotea usirudishwe. Jiwe la matumbawe lililolowa linateleza, na wimbi la matlai, dogo kama lilivyo, linatosha kumchukua aliyekaa chini kabisa akifuata changu. Kila sehemu iwe na mtu asiyevua, kazi yake kutazama bahari na watu.

Na samaki wapimwe mapema. Wenzetu wa Uingereza huwaweka ndani ya wavu mrefu majini, huwapima mwisho, huwarudisha wazima. Sisi samaki wetu ni kitoweo, na simwambii mtu arudishe changu wa kilo moja watoto wakimngoja nyumbani. Lakini aliye chini ya shibiri moja asihesabiwe uzito wowote, arudishwe pale pale anapotolewa ndoana, kwa kitambaa kilicholowa ikiwa ni tasi, maana miiba yake ina sumu na mkono ukichomwa siku ya mashindano hautavua tena. Wakubwa wapimwe kila saa, waamuzi wakipita na mizani kutoka namba hadi namba, ili matokeo ya kila saa yajulikane. Hapo tutaona nani alivuta wakati wa shwari, nani alivuta upepo ulipoingia, na nani alivuta baada ya mvua.